Mtoto Asiyeweza Jua

Wanawake wa Ujiji hawakuachi uomboleze umesimama. Nilipoingia msibani kwa Bibi Tatu walinishika mabega wakanikalisha mkekani, mmoja akanipepea kwa upindo wa kanga, mwingine akanitia kikombe cha chai mkononi, na wote kwa pamoja wakaniambia tulia, Siwema, tulia mwanangu, kazi ya Mungu haina makosa. Kutulia! Kichwa changu kimejaa mvi, nimezeekea kwenye maabara na madarasa ya baiolojia, na bado hajazaliwa mtu wa kunifanya nitulie. Nilikunywa chai nusu, nikasema naenda uani, nikaingia kwenye korido ile ndefu nikafungua mlango wa chumba cha mwisho mkono wa kushoto. Siku hizi wanaweka humo magunia ya mkaa na baiskeli isiyo na mnyororo. Binamu yangu mmoja, ambaye tayari alikuwa anaipima nyumba kwa macho kabla hata ya arobaini, akanifuata akaniambia, "Dada, chumba hiki walikijenga vibaya, hakina dirisha." Nikamwambia dirisha lipo, limezibwa makusudi, na aliyeliziba ni marehemu kwa mikono yake. Akasema, "Enhe?" akaendelea kupima. Nilimkasirikia, maana mwaka lilipozibwa dirisha lile ndio ulionifanya niwe huyu niliye, na mwaka ule wote ulipita mle chumbani, na yeye anaona mkaa tu.

Ulikuwa mwaka ambao vita vya ng'ambo viliwasukuma watu ziwani. Kila asubuhi mitumbwi ya Kongo ilitia nanga, watu wakishuka na magodoro, kuku, cherehani, mgonjwa kwenye kiti. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nimekaa nyumbani kwa Bibi Tatu nasubiri matokeo, na kusubiri kwangu kulikuwa ugonjwa. Nilikuwa nafagia ua uliokwisha fagiwa. Nilikuwa nikisikia honi ya treni kutoka stesheni ya Kigoma naacha ninachokifanya nasimama tu. Bibi Tatu, aliyenilea na ambaye hakuwahi kupanda treni maishani mwake, alikuwa ananiambia, "Una mchwa makalioni, mtoto wewe. Kaa chini ule." Nakaa, nakula samaki mgebuka na ugali wa muhogo, na kabla sijanawa mkono nimeshafika barazani kutazama nani anapita. Mji mzima ulikuwa hivyo. Kila mtu anasubiri mtu au habari, redio zote ziko wazi, na hakuna habari iliyodumu mpaka jioni.

Mama Sifa alikuja kwetu jioni moja kutafuta chumba, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kwaya hata anaposalimia, amemshika mkono msichana wa miaka kama tisa aliyejifunika kitenge kichwani. Wenzake wengi walikuwa wamepelekwa kambini kwa malori. Yeye alikataa. Mume wake alibaki ng'ambo kumtafuta mama yake mzee, na waliagana ufukweni kwa maneno haya, ambayo Mama Sifa aliyarudia mara nyingi mpaka na mimi nikayashika: "Ungojee Kigoma. Usipande lori. Nikikuja ntakutafuta pale mitumbwi inafikia." Basi mwanamke akawa haondoki mjini. Bibi Tatu akamwuliza, "Na huyu binti, mbona anajificha?" Mama Sifa akakivuta kitenge. Uso wa yule mtoto ulikuwa na madoa meusi na ya hudhurungi, makubwa na madogo, kama mtu aliyerushiwa matope na gari, midomo imepasuka, macho mekundu yakitoa machozi kwa mwanga ule mdogo wa jioni. Nikarudi nyuma hatua moja. Bibi Tatu hakurudi. Akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku, akasema, "Haya, karibuni. Hapa kuna chumba, na sombe ya muhogo inaiva."

Kazi aliyoipata Mama Sifa ilikuwa ya kuanika dagaa kule Bangwe, ufukweni mitumbwi inakofikia. Wavuvi wakirudi na taa zao alfajiri, wanawake wanamwaga dagaa mchangani, wanawatandaza, wanawageuza, jua likipanda wanawageuza tena. Hakuna kivuli, na mwenye kazi hiyo hahitaji kivuli, anahitaji jua. Sifa alikwenda naye kila siku kwa sababu mama hakutaka kumwacha na watu asiowajua, na akiwa kule alikuwa anakimbia, anaimba, anafukuza kunguru, mtoto mwepesi asiyekaa. Tulielewana upesi, mimi na yeye, wagonjwa wa ugonjwa mmoja wa kutotulia. Lakini jioni alikuwa anarudi uso umevimba, anajikuna, anaomba maji baridi, na madoa yalikuwa yanaongezeka kila wiki. Mama yake aliniambia kwa sauti ya chini tukichambua mchele: kwao walisema ni mkono wa shangazi za mume, kanisani wakasema ni pepo, zahanati wakasema ni fangasi wakampa dawa ya kupaka. "Nilifunga, nikaomba, nikapaka," akasema. "Haikuondoka."

Bibi Tatu naye akatoa dawa yake. Ukizaliwa pwani ya ziwa hili unaijua: ukishapara samaki unajisugua ndimu, mikono mpaka kiwiko, shombo inaondoka, na ngozi inang'aa. Wanawake wa Ujiji wanasugua ndimu mpaka usoni wakiwa na chunusi, wakiwa na madoa ya uzazi, wakiwa na arusi. "Msugue na ganda lake," Bibi Tatu akamwambia Mama Sifa, "usione huruma, ganda ndilo lenye nguvu." Mama Sifa akamkalisha mtoto uani asubuhi na mapema, akamsugua mashavu, paji, akamshika shingo kwa vidole vilivyolowa ndimu ili asisogee, Sifa akicheka na kupiga kelele kwamba inawasha. Halafu wakaenda Bangwe kugeuza dagaa, kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi.

Hakuna kilichoonekana siku hiyo. Kesho yake jioni Sifa alianza kulia, na keshokutwa yake uso ulijaa malengelenge makubwa yenye maji, mtu asingeamini kwamba hakumwagiwa mafuta ya moto. Na shingoni, Mungu anisamehe nikikumbuka, palikuwa na vidole. Vidole vya mtu mzima, kimoja kimoja, vimechorwa kwa kuungua pale mama alipomshika. Majirani walijaa uani. Kwanza walimhurumia mtoto, kisha wakaanza kumtazama mama. Mwanamke mmoja akasema kwa sauti, "Mkono wa mtu ule, tena wa mkubwa. Kamchoma mwenyewe. Wakimbizi hawa wamechanganyikiwa." Mwingine akasema aitwe balozi wa nyumba kumi. Mama Sifa alisimama katikati ameziba mdomo kwa mikono ile ile, anaitazama shingo ya mwanawe na vidole vyake, shingo na vidole. Ndipo Bibi Tatu akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Ndimu nimeitoa mimi," akasema. "Kwenye mti wangu. Anayetaka kumwita balozi aniitie mimi, na akishamwita asirudi kwangu kuomba chumvi." Wakatawanyika, lakini walikwenda wakinong'ona.

Hapa lazima nieleze, maana jambo hili ndilo lililonilisha maisha yangu yote. Ndani ya kila seli ya mwili kuna nyuzi mbili ndefu za DNA zilizosokotana, zimeandikwa kwa herufi nne tu za kikemia, na moja ya hizo inaitwa thimini. Thimini mbili zikiwa jirani, ile sehemu ya jua isiyoonekana kwa macho ikizipiga, zinashikana zenyewe kwa zenyewe badala ya kushikana vizuri na wenzao wa uzi wa pili, na uzi unapinda pale. Hii si habari ya wagonjwa. Inakutokea wewe unayesoma kila ukitoka kuanika nguo. Ndimu nayo, ndani ya ganda lake, ina kemikali inayopenya katikati ya nyuzi zile mbili na kutulia. Ukibaki ndani haikudhuru. Ukitoka juani, mwanga unaifunga kwenye nyuzi zote mbili kwa pamoja, na nyuzi zilizofungwa hivyo haziwezi kuachana, na seli isiyoweza kuachanisha nyuzi zake inakufa. Hata mimi ningetoka malengelenge. Ila mimi ningepona. Haya niliyasoma baadaye sana, chuoni, katika kitabu chenye picha ya mkono wa mtu nisiyemjua, na nilipouona ule mkono nilifunga kitabu nikatoka nje ya maktaba nikatembea mpaka miguu ikaniuma.

Wakati ule hatukujua lolote. Tulimfunga Sifa shuka tukampeleka Kigoma kabla jua halijatoka, kwa daktari mmoja wa macho, Mrundi, mkimbizi kama wao, aliyekuwa anapokea wagonjwa katika chumba cha nyuma cha kanisa. Dokta Nestori alikuwa mfupi, mwenye koti lililombana, na alikuwa na tabia ya kumsalimia mtoto kwanza na wakubwa baadaye. Alimtazama Sifa macho, midomo, akamwambia atoe ulimi, akauangalia ule ulimi kwenye ncha kwa muda mrefu. Kisha akamwuliza mama kama amewahi kuwa na mtoto mwingine wa hivyo. Mama Sifa akasema alikuwepo kaka, alikufa mdogo, uso ulioza. Daktari akavua miwani. Akataja jina, xeroderma pigmentosum, nikamwomba alirudie, akalirudia polepole kwa ajili yangu. Halafu akamgeukia mama. "Mume wako ni mvuvi?" Mama akaitikia kwa kichwa. "Basi unajua nyavu. Jua linatoboa wavu wa kila mtu, kila siku, wangu na wako. Lakini ndani mwetu kuna fundi. Akikuta palipoharibika anakata kipande, anatupa, anashona kipya. Sifa anaye fundi, sindano anayo, uzi anao. Kisu hana. Hawezi kukata. Palipoharibika panabaki, na kesho panaongezeka. Wavu ukijaa viraka vibovu, mwili unaanza kuota vitu ambavyo haukuagizwa kuota. Usoni, machoni, kwenye ulimi."

"Nani alimuibia hicho kisu?" Mama Sifa akauliza. Alikuwa anauliza kweli, alitaka jina.

"Oya, hapana, mama. Hakuna aliyeiba." Dokta Nestori alisita, na naona hata leo alivyosita. "Kila mtu ana mafunzo mawili ya kutengeneza kisu hicho, moja la baba na moja la mama. Wewe unalo moja zima na moja bovu. Mume wako pia. Moja zima linatosha, ndiyo sababu ninyi wazima. Sifa alipewa bovu la baba na bovu la mama."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ni ninyi wawili, na si kosa la—"

"Kwa hiyo ni mimi nilimupa," akasema Mama Sifa, na hakusikia kilichofuata. Mimi nilisikia, kwa sababu nilikuwa natafuta kitu cha kufanya. Nikauliza dawa. Daktari akasema dawa hakuna. Jua lisimguse, hilo tu ndilo la kufanya, wala lile la kurudishwa na maji na mchanga, hata mawingu yasiwadanganye. Akifunikwa vizuri ataishi. Asipofunikwa hatamaliza utoto.

Bibi Tatu hakungoja kusimuliwa mara mbili. Siku hiyo hiyo alizipigilia mbao dirishani mwenyewe, nyundo ikimpiga kidole, anatukana kwa Kiha anachokitumia akikasirika tu. Sifa akaanza kuishi gizani. Nyie, kumfungia mtoto yule! Alikuwa analala kifudifudi sakafuni kutazama mstari wa mwanga chini ya mlango, ananihadithia miguu ya nani inapita koridoni, mpaka mama yake akaja na kitambaa akauziba na huo mstari. Nikawa nashinda naye. Tulikula humo, sombe iliyojaa mawese na ugali, kibatari katikati, nikamfundisha kusoma, nikamfundisha hata vitu vya kemia ambavyo havikumhusu, ilimradi asilie. Aliniuliza, "Dada Siwema, kunguru banafanya nini?" Nikamwambia wanaiba dagaa. Akasema, "Hakuna mwenye kubafukuza." Jioni, jua likishazama kabisa, tulikuwa tunamfungulia uani naye anazunguka ua mbio, anazunguka, anazunguka, hakuna anayemwambia basi. Na kupitia ukuta wa matope nilikuwa nasikia sala za mama yake: "Kama ni zambi yangu, piga mimi. Juu ya nini unapiga mutoto?" Nilitamani kugonga ukuta nimwambie hiyo si dhambi, ni kemia. Lakini mtu akishasema nipige mimi, utamfundisha nini?

Mama Sifa alikuwa bado anakwenda Bangwe kila siku kuulizia mitumbwi. Hakuna aliyemwona Baba Sifa. Mmoja alisema alielekea kusini, mwingine akasema alirudi milimani, wa tatu akasema habari njema kwa sababu ya huruma tu, na hiyo ya tatu ndiyo iliyomtesa zaidi. Kisha tangazo likapita na kipaza sauti mitaani: wakimbizi wote waliobaki mjini wapande malori, wapelekwe kambini. Hakuna kubaki. Malori yenyewe tuliyajua, ya wazi, hayana turubai, yanaondoka jua likiwa limeshapanda na yanatambaa kwa njia ya Kidahwe mchana kutwa kwenye vumbi. Nikahesabu saa za jua kichwani, nikahesabu tena.

Bibi Tatu ndiye aliyetoa wazo. Tulikuwa uani tunakula maharage. "Mimi nina baibui la zamani, lile linalofunika mpaka uso. Nitalikata, nimshonee mtoto, mbele ya macho niweke kitambaa chepesi mara mbili. Na soksi za mkono. Ataona njia, jua halitamwona."

Mama Sifa akaweka kijiko chini. "Hapana, Bibi. Asanti. Mutoto yangu haiko Muislamu."

"Nani kasema awe? Nguo haisomi shahada."

"Mimi ni mama wa kwaya. Tutafika kule, kanisa yangu karibu yote iko kule. Baba Sifa akikuja, watamwambia mutoto yako walisilimisha ku Ujiji. Sitaweza kumueleza. Ntamufunika na blanketi."

Nikamwambia blanketi litamziba pumzi kwa joto, na litapeperuka kila lori likikanyaga shimo. Akasema atalishika. Nikamwambia utalishika mpaka wapi, una mikono mingapi? Akasema Mungu anayo. Hapo ndipo nilipopasuka. "Unamgoja mtu wa ng'ambo," nikamwambia, "na huyu aliye hapa anaungua! Akija baba mtu, utampa nini? Jina la dini?" Bibi Tatu akanikemea, "Siwema! Mdomo!" lakini hakusema nimekosea. Mama Sifa aliinuka, akajitanda, akatoka. Najua alikwenda Bangwe, kwa sababu alirudi magharibi viatu vimejaa mchanga, na hakuwa na habari yoyote. Alipita mbele yetu bila salamu, akaingia chumbani. Bibi Tatu alikuwa ameshakaa kwenye cherehani. Alishona wala hakuuliza mtu, akalitundika lile vazi dogo jeusi kwenye msumari mlangoni mwao, akaenda kuswali.

Asubuhi ya malori nilichelewa kuamka, mimi ambaye sichelewi. Chumba cha mwisho kilikuwa wazi na kimefagiwa. Msumari wa mlangoni mwao ulikuwa mtupu, moyo ukaniruka kwa furaha. Halafu nikatazama msumari wangu mwenyewe, koridoni, nilikotundika baibui langu la kila siku na nikabu yake. Nao ulikuwa mtupu. Nikajifunga kanga mbili nikakimbia.

Uwanja wa kupandia malori ulikuwa umejaa masufuria, mikeka, watoto, malori yananguruma. Jua lilikuwa juu ya nyumba tayari. Nikawaona kwenye foleni ya lori la pili: wawili weusi tii kuanzia utosini mpaka kidoleni, mrefu na mfupi, wameshikana mikono, katikati ya wanawake wa Kikongo wenye vitenge vya maua na vichwa vilivyofungwa vizuri kwa safari. Wenzake wa kanisani walikuwa wamemzunguka kidogo kwa mbali, kama mtu mwenye ugonjwa. Mmoja akathubutu. "Mama Sifa, ni weye? Ulibadilisha dini?" Sauti ile ya kwaya ikajibu kutoka ndani ya nguo yangu, "Sikubadilisha kitu. Jua linachoma mutoto yangu. Akivaa peke yake mutamuita jina. Basi muniite na mimi." Na Sifa akauliza, nilimsikia kwa masikio yangu, "Mama, na weye linakuchoma?" Mama yake akamjibu, "Linanichoma, ndiyo. Shika mukono."

Walipofika kwenye ngazi ya lori, mgambo akawazuia kwa fimbo. Alikuwa kijana, ana jasho, amechoka, na aliambiwa kila anayepanda aonekane. "Fungueni nyuso." Mama Sifa akafunua nikabu yake mara moja, akamtazama. "Na huyo mtoto." Akamvutia mtoto nyuma yake. "Mama, nimesema na mtoto. Nitajuaje ni wako? Watu wanapandisha watoto wasio wao." Wanawake wa nyuma wakaanza kusukuma, dereva anapiga honi, mgambo akanyoosha mkono kwenye kitambaa cha Sifa. Mama Sifa akaushika ule mkono hewani. Hakupiga kelele. Akausogeza uso wake karibu na wa yule kijana, uso mtupu, jua lote likiwa juu yake, akasema, "Angalia mimi. Angalia muzuri. Sura yake njo hii. Ni mimi nilimupa. Macho, pua, na kile kinamuuma, vyote ni mimi nilimupa. Kama unataka kuona mutoto, maliza kuona mama." Mgambo alimwangalia. Sijui aliona nini, lakini alishusha mkono. Akasema, "Pandeni," na akageukia wengine. Mama Sifa akashusha nikabu, akambeba mwanawe mgongoni kama mtoto mchanga ingawa alikuwa na miguu mirefu, akapanda. Lori lilipoondoka akaanzisha wimbo wao wa kanisani. Aliimba ubeti mzima peke yake. Kisha yule aliyeuliza kama amebadilisha dini akaitikia, na wengine wakafuata, na lori likapinda barabara ya Kasulu likiimba. Mimi nililia pale uwanjani kwa sauti, bila haya, kanga ikinianguka.

Matokeo yangu yalitoka, nikapanda ile treni niliyokuwa naisikia, nikasoma nilichokisoma. Siku ya tatu ya msiba wa Bibi Tatu, nikiwa uani wenzangu wakiosha sahani, simu yangu ikalia, namba ya kambini. Alikuwa Sifa, ananipa pole. Sifa ni mtu mzima, mwenye mume, jicho moja limekwenda na pua imekatwa kidogo pembeni, na sauti ameirithi ile ile ya mama yake, ambaye Sifa alimzika, yeye mwenyewe akiwa amejifunika baibui. Baba yake hakuja kamwe. Tulilia, tukamtaja Bibi Tatu, tukacheka habari ya mwiko. Nyuma yake nilikuwa nasikia mtoto wake anapiga makelele ya kucheza, na Sifa akageuza uso kutoka kwenye simu akamkaripia: "We! Toka kwa jua! Tangu asubuhi!" Nimefundisha somo hili nusu ya maisha yangu, najua baba mwenye mafunzo mawili mazima anampa kila mtoto moja zima linalotosha, najua hesabu yake yote, na bado nikamwuliza, "Sifa, anaungua?"

Nikasikia anacheka, au analia, kwenye simu havitofautiani.

"Hapana, dada," akasema. "Haungui. Anashinda kwa jua kutwa nzima, haungui hata kidogo."